Mtaalamu wa Lugha ya Mashine

Jumatatu, 4 Machi 1974
Habari kubwa! Ofisi ya utafiti wa kahawa, kule mlimani, inatafuta msaidizi anayejua kuandikia kompyuta programu na kuchambua takwimu za wakulima. Nimekwenda mbio. Profesa mkuu wa ofisi kaniuliza kama najua lugha ya Fortran. Nikajibu naizungumza tangu utotoni. Akacheka mpaka akavua miwani. Nimepewa wiki ya majaribio! Kwaheri duka la viatu la Nakivubo!

Jumanne, 5 Machi
Nina mpinzani. Ojok, mtoto wa sajenti wa polisi. Anavaa tai. Programu yake imekubali mara moja. Yangu imetema karatasi tupu. Nikamweleza Profesa kwamba ndiyo majibu yenyewe: wakulima hawana la kusema. Leo hakucheka.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu! Akullo, dada anayetoboa kadi za kompyuta, amenifundisha: kila kadi ni mkulima mmoja, matundu ndiyo majibu yake. Nikaomba kadi nikajisomee nyumbani. Akakataa katakata, ni kazi yake ya miezi. Nimengoja aende kunywa chai. Sanduku zima liko kwapani! Ojok atanikoma!

Alhamisi, 7 Machi
Jana, kwenye kizuizi cha wanajeshi Nateete, Afande Ocen kafungua sanduku. Akauliza matundu haya ni ya nini. Kusema kahawa niliona ushamba. Nikasema ni lugha ya siri ya mashine. Bunduki zote zikanigeukia!
"Wewe nasoma hii," akasema, "saa hii!"
Nikashika kadi. Nikasoma: jeshi letu lidumu. Ya pili: afande wa kizuizi hiki apandishwe cheo. Akaniamuru nirudie, wenzake wasikie. Wakapiga makofi! Nikaachiwa. Kadi amebaki nazo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefukuzwa. Akullo anatoboa kadi zote upya, macho mekundu. Ojok amevua tai, anamsomea majibu ya wakulima. Nikampa Akullo pole. Akaniambia nisimzibie mwanga. Iliniuma, kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Afande Ocen kaja nyumbani na Landrova! Nilikuwa chini ya kitanda. Akanivuta mguu kwa upole. Kambini wameletewa rada, hakuna anayeelewa lugha yake. Je, mimi naijua? Sana! nikamjibu. Naanza Jumatatu! Sare napewa! Kesho nitapita kwa Akullo, hasira zitakuwa zimepoa, anieleze rada ni nini.