Risiti Nyeusi ya Mkurugenzi

Jumatatu, tarehe 9

Kompyuta ya steshenari yangu imezima. Puu! Harufu ya waya ulioungua, kisha kimya. Na ndani yake kuna tasnifu ya mke wangu, miaka mitatu ya kuamka alfajiri kabla hajaenda kufundisha. Lazima ifike chuoni Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Saa sita na dakika moja, anarudia mwaka.

Nimemwita shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa kompyuta na mtu wa kujisikia. Amenusa tu, akasema pawa imekufa. Pawa ni kile kisanduku cha chuma kinacholeta umeme ndani ya mashine. Nilikinunua mwenyewe miezi miwili iliyopita. Akasema kazi ya dada yake iko salama, na akajitolea kuniazima pawa yake kabla hajasafiri kikazi mchana huu. Nimekataa! Niazime kwa shemeji, aje kunisimanga kwenye kila harusi? Fedha za pawa mpya sina, lakini nina waranti ya mwaka mzima. Risiti ninayo, tena nimeipiga laminesheni, nikaiziba ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, idumu milele. Akacheka, akanichomolea pawa mbovu, akaenda zake.

Nimefungua faili. Risiti imo, ndani ya plastiki safi, kingo zimekatwa vizuri kabisa. Nyeusi tii. Hakuna hata herufi moja. Nakumbuka siku ile ilitoka mashineni hivi hivi, nikadhani ni joto tu, ikipoa itarudi. Imepoa miezi miwili.

Mke wangu ameuliza kama risiti ipo. Nimesema ipo. Sikudanganya.

Jumanne, tarehe 10

Dukani. Kaunta ya waranti ina dada mmoja mpole mwenye miwani mikubwa. Nimemwita Miwani, kimoyomoyo. Nimeweka pawa mezani, nikaweka risiti juu yake, nikatazama pembeni kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Miwani akaigeuza. Akaimulika kwenye taa. Akauliza kwa adabu hiki ni nini. Nilipomweleza, akanipa somo refu: karatasi ile haiandikwi kwa wino bali kwa joto, kwa hiyo ukiipitisha kwenye moto inakuwa nyeusi yote. Nimemsikiliza kwa heshima. Duka likinunua karatasi za bei rahisi, lazima litafute la kusema.

Lakini akasema hakuna shida, mauzo yote yamo kwenye mtambo wao. Nitaje tu jina la mnunuzi. Hapo kijasho chembamba kikanitoka! Siku ile walikuwa na punguzo la makampuni, nami nikajitambulisha kama Mkurugenzi. Kampuni niliibuni nikiwa kwenye foleni. Tatizo ni kwamba mimi ni mkurugenzi katika maduka mengi. Kwa muuza karatasi mimi ni Upeo wa Dunia. Kwa muuza wino, Mwamba na Wanawe. Hapa nilikuwa nani?

Akajaribu namba yangu ya simu. Haimo. Ajabu! Nikamwambia nitashauriana na bodi yangu. Akanionyesha kiti, akasema naweza kuwapigia nikiwa hapo hapo. Nimeondoka.

Nyumbani nimesema wanalishughulikia. Mke wangu akanimiminia chai, akaniwekea na kipande kikubwa cha mkate.

Jumatano, tarehe 11

Leo ni sayansi. Jina limo ndani ya ule weusi, ni la kutolewa tu. Nimemulika kwa tochi kutoka nyuma. Hola. Nimepaka ndimu. Inanukia, haisomeki. Nimebandua plastiki, risiti ikachanika vipande viwili. Kisha akili ikanijia: kama joto limeficha maandishi, baridi itayafichua! Nimeviweka kwenye jokofu, nyuma ya maziwa.

Mke wangu akataka maziwa. Akauliza makaratasi meusi yanafanya nini humo. Nimesema yanaondoa harufu. Akanitazama vile anavyomtazama mwanafunzi aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Akasema kesho ataenda dukani mwenyewe. Nikaruka! Nikasema mambo ya waranti ni magumu, yanataka mtu mwenye uzoefu. Ukweli ni kwamba mke wangu hawezi kuvumilia uongo hata wa kutania, na mimi pale dukani ni uongo mtupu kuanzia kofia hadi viatu.

Hakubisha. Amechukua daftari, akakaa mezani, akaanza kuiandika tasnifu upya kwa mkono, kwa kumbukumbu. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Amefika ya tatu. Simwangalii.

Alhamisi, tarehe 12

Mpango kabambe! Kazi yangu ni mihuri na barua, kwa nini nihangaike na jokofu? Nimetengeneza barua tatu za makampuni matatu, kila moja na muhuri wake, zote zikiomba mtumishi mleta barua akabidhiwe pawa ya Mkurugenzi. Natoa ya kwanza. Wakisema haimo, natoa ya pili. Nimevaa kofia nyingine.

Miwani akafungua bahasha. Nilizitia zote tatu humo humo. Akazipanga mezani kama karata. Makampuni matatu, saini moja, anwani moja: mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Akauliza leo nimetumwa na nani kati yao. Nikajifanya hamnazo. Akatafuta majina yote, moja baada ya jingine, bila kucheka. Hakuna hata moja.

Ila amesifu mihuri. Kasema ni safi sana. Nimefurahi, siwezi kuficha.

Ijumaa, tarehe 13

Nimeamka, nimemkuta amelalia daftari, kalamu mkononi. Ukurasa wa kumi na tisa. Shavuni kuna wino. Roho imeniuma, jamani. Imeniuma kweli. Nampenda huyu mwanamke, na nimemwibia siku nne.

Nimesema yote. Laminesheni, ukurugenzi, ndimu, kofia. Nikasubiri radi. Akauliza jambo moja tu: hiyo kampuni haikuwa Kijiko na Wenzake?

Kumbe kwa miezi miwili duka limekuwa likimtumia ujumbe: Ndugu Mkurugenzi wa Kijiko na Wenzake, asante kwa kununua kwetu. Siku ile simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, nikatoa namba yake. Naye alidhani ni mimi namtania, akawa anacheka peke yake kazini. Kijiko ni yeye! Nimemwita hivyo tangu uchumba, tangu siku aliyotembea mitaa miwili kurudisha kijiko cha mgahawa alichotoka nacho mkononi kwa bahati mbaya. Akasema Upeo wa Dunia nimelikumbuka, jina lake nimelisahau.

Tumekwenda pamoja. Kwenye kaunta akasema yote kwa pumzi moja: kampuni hakuna, mume wangu alidanganya, risiti kaiunguza, pawa ni mbovu kweli, na lile punguzo tutalirudisha. Miwani akabonyeza mara mbili. Kijiko na Wenzake, huyo hapo. Wakaijaribu pawa, wakaona imekufa, wakatupa mpya. Dakika kumi! Wakati wa kuaga, Miwani akaniita Mkurugenzi. Sijui ilikuwa heshima au nini.

Jioni shemeji alituelekeza kwa simu, kicheko kikiwa nusu ya maelekezo. Mke wangu alikaza skrubu, mimi nilishika tochi. Kompyuta ikawaka. Kurasa zote mia moja na kumi na mbili zipo! Akapiga kigelegele. Mimi nimelia, na nikasema ni vumbi.

Jumamosi, tarehe 14

Tumechapisha, nimebana nakala tatu kwa spairo, kazi yangu bora maishani. Tumefika chuoni saa tano na dakika arobaini. Kwenye ukurasa wa shukrani ameongeza mstari usiku wa jana: namshukuru mume wangu, aliyeshika tochi. Nimeusoma mara sita.

Wamempa stakabadhi ya kupokelewa. Jumatano ataitetea kazi yake mbele ya maprofesa, na bila stakabadhi hiyo haingii ukumbini. Akanikabidhi mimi niitunze. Mimi! Baada ya yote haya! Sasa yupo chumbani, amelala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Nimeitandaza mezani. Kikaratasi laini, kinateleza, kimetoka kwenye kimashine kidogo pale dirishani. Kikikunjika je? Kikimwagikiwa chai? Kile cha duka kiliharibika kwa sababu duka lile linabana matumizi. Hiki ni cha chuo. Chuo chenye maprofesa hakiwezi kununua karatasi mbovu.

Akiamka ataikuta ndani ya plastiki safi, kingo zimekatwa vizuri. Mashine niliyoileta kutoka steshenari imeshapata moto. Nimeongeza joto kidogo kuliko kawaida, maana hii ni ya mke wangu.