Kapteni Ndani ya Mtama

Leo nimeaibika, tena kwa sababu ya adabu zangu mwenyewe. Nyie wenzangu mliobaki Arua, nawaandikia haraka kabla Wani hajawafikia. Mnamjua Wani. Akisimulia yeye, mbuzi anakuwa tembo.

Mnajua namposa Keji. Mnajua pia kwamba jibu limekwama tangu mvua za kwanza. Keji hana neno, baba yake hana neno. Mama ndiye anayesema, "Hawa walikulia Uganda. Huyo hata kumkimbia mkwe hajui." Maneno hayo yaliniuma sana. Kweli nimekulia uhamishoni, lakini mama yangu alinifundisha yote. Mama mkwe humtazami usoni. Huli mbele yake, hunywi mbele yake. Ukimwona njiani, unapotea. Nilichokosa ni nafasi ya kuonyesha. (Nafasi nimeipata. Ningejua nisingeiomba!)

Basi vijana wa kanisa letu tukapanga safari ya baiskeli kutoka Juba mpaka Lainya, kufurahia kwamba amani imekuja na barabara imefunguliwa. Wakanichagua mimi kuwa kapteni. Jamani, mimi! Nikatunga sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kumpita kapteni. Ya pili, barabara ina mashimo, kwa hiyo kapteni akipinda, wote mnapinda, hakuna kuuliza. Niliwafanyisha mazoezi wiki nzima hadi wakazoea.

Alfajiri tukaondoka Hai Jalaba, baiskeli zaidi ya thelathini, kengele zikilia. Watu walitoka na miswaki mdomoni kututazama. Nilivaa suruali yangu nyeupe, ile iliyopanuka chini. (Ndiyo, ile ile. Nyamazeni.) Tulipopita Gurei nikageuka kidogo kutazama nyuma. Mstari ulikuwa umenyooka! Nikipinda kushoto, wote kushoto. Nikipinda kulia, wote kulia. Nilijiona mtu mkubwa, siwafichi.

Jua lilipopanda tukafika kwenye mteremko mrefu. Tukaushuka kwa kasi, upepo masikioni, Wani akiimba nyuma yangu. Chini kabisa nikaona akina mama wa kanisa wamepanga mitungi ya maji na uji kando ya barabara. Wametungoja! Nikanyoosha mgongo. Kisha nikaona kitambaa cha kichwa cha njano ninachokijua.

Mama yake Keji. Katikati ya barabara. Ameshika kata ya maji, ananinyooshea mimi, kapteni, hajanitambua kwa vumbi.

Ninywe kutoka mkononi mwake? Mungu apishe mbali! Breki yangu ni moja, na hiyo moja hushika ikipenda. Kulia kulikuwa na shamba la mtama mrefu. Sikufikiri. Nikapinda.

(Mmeshakumbuka sheria ya pili? Mimi niliikumbuka nikiwa tayari ndani.)

Waliingia wote. Wote! Mtama ulivunjika kwa kishindo, kengele zikalia, mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikuwa chini, baiskeli juu yangu, suruali imeng'atwa na mnyororo. Wani akatua karibu na kichwa changu.

"Kapteni, hii ndio njia ya mkato?"

"Nyamaza! Mama mkwe yuko pale!"

"Ni mama mkwe yako. Sisi naingia kwa nini?"

Mara nikasikia sauti ya mama kutoka barabarani. "Nani iko ndani ya dura yangu?"

Dura, yaani mtama wake. Shamba lilikuwa lake! Nikataka kukimbia, suruali ikakataa. Nikavuta shati nikafunika kichwa. Nikasikia miguu inakuja, halafu ikasimama. Nilichungulia kwenye tundu la kifungo. Alikuwa amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. Na kwa kuwa mkwe hasemezwi ana kwa ana, akamsemesha Wani.

"Wewe. Ambia huyo mutu mimi haoni. Ameumia?"

Wani, hatua moja kutoka kwangu, akapaaza sauti kama niko ng'ambo ya mto. "Anauliza, umeumia?"

"Mwambie hapana. Mwambie nisamehewe, mtama nitaulipa kwa jembe, nitamlimia msimu ujao."

Kisha nikaona mabega ya yule mama yanatikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka!

"Ambia yeye, mimi nilisema watoto ya Uganda hapana adabu. Huyu iko na adabu mpaka dura imeisha. Baba yake akuje Jumapili. Mimi sina neno tena."

Jamani, nilifurahi chini ya baiskeli hadi machozi yakanitoka ndani ya shati. Nimepata mke nikiwa nimelala kifudifudi. Ni nani kati yenu amewahi?

Mama akaondoka, nikavuta suruali kwa nguvu. Ikatoka. Nusu yake. Sehemu yote ya nyuma, tangu pindo mpaka ile ya kukalia, ilibaki kwenye mnyororo.

Tukarudi barabarani. Nikawaambia vijana kwa upole, "Tangulieni, mimi nitafunga msafara."

Wani akatikisa kichwa. "Hapana kupita kapteni. Sheria ni sheria."

Wote wakaitikia. Nikapanda baiskeli, nikawaongoza kutwa nzima, na kila nilipopanda kilima nilisikia thelathini wakikohoa kwa pamoja.

Tumefika Lainya jioni. Andikeni hilo, waambieni na watu wa huko: kundi langu lote limefika, hakuna aliyebaki nyuma, ingawa kapteni aliomba sana.