Homa Bay Irudishwe Mbali

Migori, Machi 1966

Kwa Bwana Mhariri, unayetuletea habari zikiwa bado na joto,

Pokea heshima zangu. Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba ndege ndogo ikiruka kutoka uwanja wa Migori hufika Homa Bay kwa dakika ishirini, kwa kuwa angani ni maili thelathini na saba tu. Naomba habari hiyo isahihishwe. Na kama ni ya kweli, basi umbali wenyewe urekebishwe, maana mmenivurugia nyumba.

Binti yangu Bathsheba anataka kuolewa na Dishon, kijana anayepima samaki pale Homa Bay. Mwaka mzima nimekataa kwa sababu moja safi: ni mbali. Kijana mwenyewe sina neno naye. Juzi Bathsheba alikuja na gazeti lako, akalikunjua mbele yangu kwa mikono miwili, akasema, "Baba, hiyo mbali iko wapi sasa?" Mke wangu Kemuma alicheka huko jikoni, tena kwa sauti. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Barabara ina adabu. Mkwe akija kwa basi huonekana Rongo, katikati ya njia, na anayemtangulia hutuletea habari. Tunapata nafasi ya kufagia ua, na mama mkwe anapata nafasi ya kujificha. Ndege haimtangulizi mtu.

2. Kwetu Wakisii, mkwe hatazami hata mlango wa chumba cha mama mkwe wake. Bafu letu ni la mabua na halina paa, kwa sababu hatukutarajia mgeni kutoka juu. Je, niliezeke, au rubani atamfunga Dishon kitambaa machoni? Naomba serikali ijibu.

3. Mke akigombana na mumewe hupanda basi kurudi kwao. Njiani hasira hupoa, na wengi hushuka Rongo wakageuza. Kwa ndege, hasira itatua hapa ikiwa bado inachemka, na mpokeaji ni mimi.

4. Umbali naujua. Nilihamishwa kutoka Borabu nikiwa kijana, mashamba yetu yalipogawiwa Wazungu, nasi tukaambiwa tutarudi. Siku ya kwanza nikigeuka niliuona moshi wa kwetu. Siku ya pili sikuuona. Mama yangu alibaki upande ule, na sikumwona tena. Bathsheba ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani kwangu.

Basi naomba ndege ipitie kwanza Kisumu ipumzike, kisha Kisii, abiria washuke kuwasalimia ndugu zao na kunywa uji. Safari ikichukua siku nzima nitaridhika. Ikishindikana, uwanja wa Homa Bay uhamishiwe kisiwa cha Mfangano, mbali huko ziwani.

Wasalimie wapiga chapa wako, pamoja na anayetuletea magazeti huku, ambaye simlaumu.

Ni mimi, ninayesubiri masahihisho,
Mzee Kerosi Omwenga

Baada ya kutia sahihi: Nimemwona Bathsheba akikunja nguo zake kimya kimya, nami nimemkubalia. Tafadhali waulize wenye ndege kama hawana iliyo na mbio zaidi. Dakika ishirini ni nyingi mno kwa mzee anayetaka kwenda kumwona binti yake kila Jumapili. Hiyo Kisumu tuiache kabisa. Kemuma anauliza kama kuna nafasi mbili.