Dola ya Pulaka

Jumatatu, 4 Machi
Fedheha! Tuvalu ni nchi huru, ina bendera na wimbo wake, lakini mfukoni tuna dola ya Australia. Ikiyumba huko kwao, mchele unapanda bei hapa Funafuti. Nani alituuliza? Leo waziri wa fedha kaniita. Aliwaahidi manesi nyongeza, Bunge linakaa Ijumaa, hazina kavu. Nimletee mpango, la sivyo kazi yangu ya ushauri basi. Yaani nikalishe nguruwe wa baba mkwe! Mke wangu Pasemeta ni nesi. Kasema nyongeza isipopatikana, nisimuulize chakula.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: tuchapishe noti zetu wenyewe. Falasese wa hazina, binamu yangu na adui yangu, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Eti meli ya mchele haipokei picha ya uso wangu. Bi Heather, mtaalamu wa wafadhili, hakucheka. Alisema kwa upole kwamba zikitoka noti zisizo na dhamana, msaada wa bajeti unasimama. Upole gani huo? Tena alikuwa akitafuna pulaka, magimbi yetu ya shimoni, sahani ya pili! Anatufunga mikono huku anakula kwetu. Ila hapo hapo akili ikanifunguka. Dhamana si hiyo mdomoni mwake?

Jumatano, 6 Machi
Dola ya pulaka! Waziri kaniita ndugu yake. Bi Heather ataufikisha mpango kwa wakubwa zake kwa sharti moja: akiba ipimwe, shimo kwa shimo. Rahisi mno. Falasese kaniazima futi yake.

Alhamisi, 7 Machi
Wachoyo! Nimezunguka na futi kutwa nzima, hakuna aliyefunua shimo. Namna mtu anavyoitilia pulaka yake mbolea, na ya majani gani, humwambia mwanawe tu, tena kwa kunong'ona. Hilo nalijua tangu utoto, lakini nilidhani uzalendo utatosha. Baba mkwe alisimama na panga: “Mkwe, ukiteremka humu hupandi tena. Utakuwa mbolea!” Wabunge nao wana mashimo yao. Jioni wakamtishia waziri kura ya kutokuwa na imani. Falasese kashauri nianze kupima shimo langu, niwe mfano. Langu? Thubutu! Siri ya marehemu baba aione mgeni? Nimeliongezea makuti juu.

Ijumaa, 8 Machi
Usaliti! Waziri kautupa mpango wangu, na bado manesi wamepata nyongeza. Wafadhili watachangia, ila serikali ipunguze matumizi. Wizara nzima ikaona tumizi moja tu la kupunguza: mimi. Pasemeta anaimba jikoni. Anaimba!

Jumamosi, 9 Machi
Nguruwe wa baba mkwe hawana shukrani. Nimewapasulia nazi asubuhi yote, mmoja kanikanyaga mguu. Nikainua macho juu kulalamika. Nazi! Ziko hadharani, kila mtu anaziona, hazina siri yoyote. Dola ya nazi! Nimeshamwandikia waziri. Nimeomba tu minazi yangu isihesabiwe.