Vitone Vitano

Jumatatu, 28 Machi 1955
Egil kapewa kiti cha mbele! Jumamosi hapa Odense tunamwadhimisha mwandishi wetu wa ngano, miaka mia na hamsini tangu azaliwe. Jirani yangu Egil atakaa pamoja na meya. Kisa? Babu yake alimng'oa mwandishi jino. Jino! Mimi ni fundi viatu, mwandishi ni mtoto wa fundi viatu, nami nimepangiwa kusimama nyuma ya bendi. Egil kaniambia akiwa upande wa pili wa ua, "Usijali, Laust, nitakuja kukusimulia." Mshenzi.

Nimefungua kitabu cha nyimbo cha marehemu mke wangu, Dagny. Ndani mna karatasi iliyokatwa kwa mkasi: bata maji, wachezaji wawili, mioyo. Mji mzima unajua mwandishi alikuwa akikata karatasi hivyo hivyo. Basi! Bibi yangu mzaa baba alimfulia mashati, naye akamzawadia. Kuanzia leo.

Jumanne, 29 Machi
Upande wa chini wa karatasi pana maandishi kama nyayo za kuku, na mavi ya nzi. Yanaharibu. Binti yangu Vibeke kila siku ananiambia nivae miwani. Ya nini? Macho haya yameshona buti za kanali! Nimekata ukingo kwa kisu cha ngozi, mkato mmoja, nikautia jikoni ukaungua. Kisha nimeichovya karatasi katika kahawa ipate uzee. Akili ninayo, asikudanganye mtu.

Jumatano, 30 Machi
Makumbusho. Bibi Ravn, mtunzaji, kaitazama kwa lenzi muda mrefu. Nikamsimulia mashati yote. Akasema polepole, "Mzee Laust, hapa pana alama ya ua lililobanwa. Lile jeupe linalotangulia kuchomoza kwenye theluji. Hii ni barua ya fumbo ya Pasaka. Vitone viko wapi?"

Nani hapa asiyejua mchezo huo? Msichana hukata karatasi, huandika shairi, jina halitaji. Huweka kitone kwa kila herufi ya jina lake. Ukimtambua, anakupa yai. Ukishindwa, yai unatoa wewe.

Mavi ya nzi yalikuwa matano.

Alhamisi, 31 Machi
Vibeke kalia. Kasema ni ya mama yake. Alinitumia mwaka wa tisini na tisa, kabla hatujaoana, nami nikakimbilia kwa Jutta wa duka la mikate kumwambia nimemtambua. Nakumbuka! Jutta alicheka mpaka akamwaga unga.

Nikauliza mbona Dagny hakusema. "Alingoja ukisie tena, Baba. Kila Pasaka alikuwekea mezani."

Hilo nalo nalikumbuka. Kila Pasaka, karatasi ya matundu matundu mezani. Mimi nilidhani ni ya kuwekea kikombe. Nikawekea.

Nikauliza shairi lilisemaje. Vibeke hajui. Mama yake hakumsomea mtu. Nimechokora majivu ya jiko kwa kijiti. Majivu tu.

Jumamosi, 2 Aprili
Bendi imepita. Sikutoka. Nimechemsha yai na maganda ya vitunguu mpaka likawa jekundu, nikalipeleka makaburini. Nikamwambia, ni wewe, Dagny. Nimechelewa miaka hamsini na sita, lakini nimekisia. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nikamwahidi: uongo basi. Mwisho.

Njiani nikakutana na Egil, kifua mbele. Meya kamshika mkono! Mikono yote miwili! Akaniuliza kama karatasi yangu imeshakauka. Kumbe mji mzima unajua. Nikamuuliza, na hilo jino la babu yako, liko wapi? Akagugumia. Halijulikani lilipo! Hakuna aliye nalo!

Mimi nina gego moja la chini, linacheza tangu Krismasi. La kizamani kabisa. Nimelivuta kidogo. Linakuja.

Kahawa imebaki birikani.