Chupa Tatu za Unga wa Samaki

Jumatatu, 4 Machi

Zimebaki siku nne. Ijumaa Daktari, mkuu wetu, anatangaza nani anabaki kuwa karani wa mapokezi wa maabara, mimi au mwenzangu ninayemwita Binti Penseli. Kiti ni kimoja. Miezi mitatu tumekikalia kwa zamu. Nyumbani dada ameshawaambia majirani wote kwamba mdogo wake ni mtu wa kemia. Sijapata moyo wa kumweleza kwamba napokea vifurushi na kuvipa namba.

Leo Daktari ameniita chumba cha mizani. Nikajua nimeharibu kitu. Kumbe alitaka nimshikie mlango. Aliponiona naanza kuomba radhi akanihurumia, akasema nije nione. Akaweka kikombe kidogo cha kauri kwenye mizani, ile inayokaa ndani ya sanduku la kioo ili hata pumzi isiisumbue. Namba zikatulia. Akaniambia nikiguse kwa kidole gumba, mara moja tu. Nikagusa. Namba zimepanda! Akasema, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, kwamba huo ni uzito wa jasho na mafuta ya kidole changu, na ndiyo maana humu vyombo hushikwa kwa koleo.

Nimekitazama kidole hiki jioni nzima. Kumbe kila ninachokigusa nakiachia kitu changu. Nimekula taratibu sana. Dada ameuliza kama naumwa jino.

Jambo la pili. Mfugaji mmoja mwenye mabwawa matatu ametuletea chupa sita: kila bwawa chupa moja ya udongo na moja ya samaki wake, waliokaushwa na kusagwa wakawa unga. Anataka kujua bwawa lipi linatoa samaki wenye lishe zaidi na udongo wake una nini. Lebo kaziandika Binti Penseli. Kwa penseli, kama kawaida yake, namba zimelala chali. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha tofauti yetu. Nimebandua lebo za samaki zote tatu, nikaandika mpya kwa wino wa bluu, herufi zenye mikia. Muda wa kazi umeisha kabla sijafika kwenye udongo. Binti Penseli alichungulia begani kwangu. Akasema, "Kaka, humu tunaandika kwa penseli." Nikamshukuru kwa adabu. Sikujua wivu unaweza kuwa na sauti ya upole namna ile.

Jumanne, 5 Machi

Balaa.

Kanuni inasema chupa isiingie chumba cha mizani kabla ya kufutwa kwa spiriti. Mimi, tangu jana, naogopa vidole vyangu. Nikazifuta chupa za samaki mara tatu kila moja, nazigeuza, nazirudia. Nilipoinua macho, kitambaa kilikuwa cha bluu. Lebo zilikuwa nyeupe kabisa. Safi kama siku ya kwanza ya shule.

Ndipo nikaielewa penseli. Spiriti haiifanyi kitu. Maji hayaifanyi kitu, wala asidi. Ni kaboni tu iliyojikalia kwenye karatasi, na kaboni haina haraka. Miezi mitatu nimeicheka.

Lebo za zamani zilikwenda na taka jana jioni. Chupa zote zimejazwa hadi mstari mmoja. Mpangilio wake nimeuvuruga mwenyewe katika kufuta. Bwawa la kwanza, la pili, la tatu: unga mmoja wa kijivu, harufu moja.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Daktari aseme. Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaongea kwenye simu. Mara ya pili hakuwa anaongea kwenye simu, na hilo ndilo lililonitisha.

Chupa zimo kwenye droo yangu. Kwenye daftari nimeandika: zinasubiri.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nimenusa. Hakuna jibu.

Saa nne, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nimeonja. Nakiri. Nilisoma zamani kwamba waonjaji hodari husafisha ulimi kati ya kikombe na kikombe, kwa hiyo nilikuwa na biskuti. Chupa, biskuti, chupa, biskuti, chupa. Kwa utaratibu. Niliandika matokeo kwenye jedwali: samaki, samaki, samaki.

Halafu likanijia wazo, na hadi sasa naliona zuri. Chupa za udongo bado zina lebo za penseli. Samaki wa bwawa ameishi ndani ya udongo ule maisha yake yote. Ameunywa, ameula, amelala juu yake. Lazima afanane nao mahali fulani, ndani huko, kwenye madini. Udongo umeshapelekwa kupimwa. Nikipata vipimo vya samaki, nalinganisha, najua nani wa wapi, nabandika lebo. Ijumaa imefika, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nimezisajili upya. A, B na C. Mwenye mali: mfugaji asiyependa kutajwa. Haraka: sana. Nimemtilia sahihi mimi mwenyewe, mwandiko nimeuegemeza kushoto. Binti Penseli aliuliza mfugaji huyo alikuja saa ngapi, maana yeye hakutoka mezani. Nikasema ni mtu mwepesi sana kutembea.

Mchana wameweka sehemu ya unga tanurini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili mkononi, ili nionekane nina shughuli. Tanuri lilipofunguliwa, ndani kulikuwa kwekundu hadi kuta zenyewe zinang'aa. Kilichotoka ni majivu kiduchu. Samaki mzima wa kusagwa, na mapezi yake na macho yake, amebaki kitu cha kupulizwa. Daktari akaniona nimeduwaa. Akasema hicho ndicho ambacho moto hauwezi kukila: chokaa ya mifupa, chumvi, chuma, zinki. Akasema na mimi ninacho, kama kilo mbili na ushee.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikiwa nimebeba kilo zangu mbili na ushee.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sijui nikiandikeje.

Yale majivu wameyayeyusha kwenye asidi hadi yakawa kama maji. Mrija mwembamba unayafyonza na kuyapuliza ndani ya mwali wa bluu. Mara mwali ukawa wa njano! Wote mzima, kwa mpigo. Daktari akasema hiyo ni sodiamu, ile ya chumvi. Kisha akanipa kipande cha kioo cha bluu niweke jichoni. Ile njano ikapotea, na nyuma yake palikuwa na zambarau nyepesi, imekaa kimya, kama mtu aliyekuwa chumbani muda wote na hukumwona. Potasiamu. Akasema nyingine hatuzioni kwa jicho, mashine inatuonea.

"Kila kitu ukikiunguza vizuri kinataja jina lake," akasema.

Nilikaribia kuungama pale pale. Si kwa sababu ya dhamiri. Kwa sababu ya ule mwali. Kioo kilikuwa jichoni, na machozi yalikuwa nyuma yake.

Lakini akachukua karatasi ya vipimo vya jana na leo, akaisoma, unyusi mmoja ukapanda. Akauliza huyu mfugaji asiyependa kutajwa anaishi wapi. Nikasema mbali. Akauliza mbali wapi. Nikasema mbali sana. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu pembeni.

Nimenakili vipimo vyote, nimejifungia stoo. Na wazo langu limejibu! Udongo wa bwawa la kwanza una zinki nyingi kuliko mengine. Samaki C ana zinki nyingi. Udongo wa bwawa la tatu umejaa madini ya manganizi. Samaki A hivyo hivyo. B hana hiki wala kile, na bwawa la pili pia halina. Nimerudia hesabu mara nne. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nywele zimesimama. Tope limeingia kwenye mifupa ya samaki na halikusahau lilikotoka.

Nimeandika lebo tatu. Kwa penseli. Kesho kiti ni changu.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari ametuita saa tatu. Kwanza mimi, peke yangu.

Mezani palikuwa na ile karatasi. Mstari mmoja umezungushiwa duara. Akaniambia nisome. Nikasoma: wanga, samaki B. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba nyama ya samaki haina wanga wa kuzungumzia. Ina protini, ina mafuta, ina maji na majivu. Huyu B ana wanga wa ngano, tena ana sukari.

"Samaki huyu amekula biskuti," akasema. "Na hakuila akiwa hai."

Nilisema yote. Wino, spiriti, droo, ulimi, biskuti niliyoila juu ya chupa. Hata mwandiko ulioegemea kushoto, ambao hakuwa ameuuliza. Nikamwonyesha na jedwali langu la zinki na manganizi. Akalichukua. Akalisoma muda mrefu. Akavuta kalamu, akafanya hesabu zake mwenyewe kando ya zangu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mwisho akasema ni kweli. C ni bwawa la kwanza, A la tatu, B la pili.

Moyo wangu ulipaa hadi darini.

"Hili naliamini," akasema. "Ila siwezi kulitilia sahihi."

Akaeleza. Yule mfugaji ataishika karatasi yetu na kwa karatasi hiyo atakausha bwawa moja na kupanua jingine. Hawezi kuambiwa tunakisia, hata tukikisia vizuri namna gani. Itabidi avue tena, akaushe tena, asage tena. Wiki mbili zimepotea, na simu ya kumwambia hivyo ataipiga yeye Daktari mwenyewe, sasa hivi, nikiwa nimekaa hapo nasikia. Akaipiga. Nikasikia. Mfugaji hakufoka. Aliuliza tu, mara mbili, kama samaki wake wana kasoro. Ningependa angefoka.

Kiti amepewa Binti Penseli. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, chini ya Binti Penseli. Nilimuuliza Daktari kwa nini hanifukuzi. Akasema watu wa kupima anao. Wa kulitazama tope wakamfikiria samaki hana wengi. Nikiwa nimeshika kitasa cha mlango akaniita.

"Ungekuja Jumanne, kiti kingekuwa chako."

Sijui kama alitaka kunifariji.

Nje nilimpongeza Binti Penseli kwa mkono. Akapokea vizuri, hakuringa. Kisha akafungua droo, akanisogezea pakiti. "Karibu biskuti, kaka. Hizi hazina samaki." Maabara nzima ilicheka, na mtu wa tanuri ilibidi akae chini.

Dada nimemwambia nimeongezewa muda wa utafiti. Ameshatoka nje kuwaambia majirani.

Jumatatu, 11 Machi

Mimi ni mtu mpya. Penseli tatu, zimechongwa. Nauliza kabla ya kugusa. Nikiona mlango wa Daktari nasimama wima.

Bosi wangu mpya amenipa kazi nyepesi, ili nipumzike. Sinia arobaini za udongo kutoka mashamba arobaini, zimepangwa kwa namba kwenye meza ndefu ya dirishani zikauke. Kila sinia ina kikaratasi chake juu. Kazi yangu ni kuvunja mabonge na kuziacha kama zilivyo.

Lakini sikutegemea rangi zile! Mweusi wa kinamasi. Kahawia, nyingi sana, hakuna mbili sawa. Mwekundu, ambao Daktari anasema ni chuma kilichoota kutu. Na mmoja wa kijivu chenye ubluu, chuma kile kile kilichokosa hewa. Nimezunguka meza nikishika mdomo. Dunia nzima tunaikanyaga hatuitazami.

Ila zimepangwa ovyo. Namba moja nyeusi, namba mbili njano, namba tatu nyeusi tena. Inaumiza macho. Nimezipanga upya kwa rangi, kuanzia iliyokolea hadi iliyopauka, na sasa meza inapendeza kama kitambaa kilichofumwa. Daktari atakapoingia kesho atasimama mlangoni, najua.

Vikaratasi vya namba vilikuwa vinaharibu mandhari. Nimevikusanya vyote arobaini, nimevifunga vizuri kwa uzi, vimo mfukoni mwangu. Asubuhi nitakirudisha kila kimoja mahali pake. Sinia arobaini si nyingi, na shuleni walimu wote walinisifu kwa kumbukumbu.