Simba wa Minara na Kisanduku cha Taa Nne

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyelala aamshwe! Haijapata kusikika habari kubwa kama hii tangu ardhi itandazwe; na itasikikaje, ikiwa imetokea juzi Jumanne, na walioiona ni wawili tu, mmoja wao muda mwingi akiwa jikoni.

Palikuwa na shujaa, mhandisi wa mitambo ya mawasiliano, ambaye wenziwe walimpa jina la Simba wa Minara. Miaka thelathini na minne alipigana. Aliijua intaneti ingali kichanga, ikilia kwenye waya wa simu ya mezani kama paka aliyekanyagwa mkia. Alipanda minara jua likimchoma utosi, akazibembeleza seva zilizonuna, na watu wasio na idadi wakasema "haloo" kwa jasho lake, wala hapana hata mmoja aliyemtumia salamu. Kisha akastaafu, na mkewe akamkabidhi himaya mpya: rauta moja ya kugawa mtandao nyumbani, kisanduku chenye taa nne, juu ya kabati la sebuleni.

Asubuhi ile taa zote nne zilikuwa zimezimika, na ilikuwa saa nne kasorobo. Saa nne kamili binti yao, aliyejifungua siku mbili kabla huko ng'ambo, angewaonesha kwa video mjukuu wao wa kwanza, kabla daktari hajapita na kumfukuza kwenye simu.

"Baba watoto," mkewe akaita, "mtandao hakuna! Nikimbilie kwa jirani fundi cherehani? Wa kwake haujawahi kukatika."

Lo! Mkuki ule ulipenya mpaka kwenye mfupa. Maana Simba huyu, aliyewasimamishia wengine minara, nyumba yake mwenyewe aliijenga bondeni, ambako simu ilipitisha sauti kwa tabu na video haikupita kabisa. Na sasa mjukuu wake aonekane kwa hisani ya fundi cherehani! Akasimama, akakaza mkanda, akanena:

"Ewe ubavu wangu, tulia! Mkono huu uliosimamisha minara mia mbili na kumi, utashindwa na kijisanduku? Nakuapia kwa kila nati niliyoikaza..."

"Punguza hotuba, mume wangu. Dakika zinakwenda."

Basi vita vikaanza. Akafungua kompyuta, akaishushia amri kumi na saba. Ikamjibu kwa duara linalozunguka. Akapanda ngazi, akaukagua waya wa ukutani kutoka dari hadi dirisha, akawatuhumu panya, ambao hawakuwapo kujitetea. Saa nne kasoro dakika sita, jasho likimtiririka, akapigia simu kampuni ileile aliyoitumikia.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi," ikasema sauti ya binti. "Rauta imechomekwa kwenye umeme?"

Simba akanguruma. "Binti! Unajua unaongea na nani? Hayo maswali unayonisomea niliyaandika mimi! Hilo la kwanza kabisa, mimi!"

"Shikamoo, mzee. Basi unakumbuka na ulichoandika chini yake: mteja atasema ndiyo bila kuangalia. Mwambie akaangalie."

Simba akaikodolea macho simu, kama jeshi linalotazama jeshi jingine.

"Nasubiri, mzee wangu," binti akasema kwa adabu.

Shujaa akapiga magoti, akatambaa nyuma ya kabati, katika bonde la vumbi na vifungo vilivyopotea. Kwenye soketi, ikinywa umeme kwa raha zake, ilikaa mashine yake ya kunyolea. Yeye mwenyewe aliichomeka alfajiri, ili mjukuu amkute na kidevu safi, na plagi ya rauta akaitupa sakafuni.

Akachomoa. Akachomeka. Mashine akaitia mfukoni upesi. "Tatizo lilikuwa huko kwenu," akamwambia binti, akakata simu.

Na iandikwe kwenye mawe, na wajukuu wa wajukuu waisome: saa nne na dakika moja taa zote nne ziliwaka! Simu ikalia, na uso mdogo kama ngumi ukajaa kwenye kioo, ukipiga miayo. Bibi akalia, akacheka, akalia tena.

"Mama alinipigia akasema mmekatikiwa mtandao," binti yao akauliza. "Baba, ilikuwa nini?"

Simba akaweka mkono kifuani. "Mkonga, mwanangu, mkonga wa chini ya bahari. Nimelazimika kuyazungusha mawasiliano yote yapitie bara jingine. Mwingine asingeweza." Na kwa unyenyekevu wa washindi akainama mezani ambusu mjukuu kwenye kioo.

Ukingo wa meza ukabonyeza mfuko. *Zzzzzzzz.*

Hata mtoto akafumbua macho. Mkewe akafuta machozi, akainamisha shingo, akasikiliza vizuri.

"Baba watoto," akasema taratibu, "huo mkonga wa baharini, mbona unanguruma kwenye suruali yako?"